Nakala za Mpaka wa Usinge

Ng'ambo, Tabora
Jumapili, baada ya ibada

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute ukiwa na afya, na goti lako liwe limeacha kukusumbua sasa mvua zinapoelekea mwisho. Mama naye namwamkia sana. Dawa ya kifua aliyoagiza nimeipata na nimeifunga pamoja na barua hii. Anywe baada ya chakula, asinywe kabla kama alivyofanya ile ya mwanzo. Mimi kwa mwili sijambo. Nakwenda kazini, narudi, na chakula kinashuka, ingawa mara nyingi nakisukuma kwa maji.

Najua utajiuliza kwa nini nimeandika na simu ninayo. Simu yako, Baba, huwa unaiweka sauti ya juu, na nyumba nzima husikiliza pamoja nawe, hata jirani aliyekuja kuazima jembe. Haya ninayotaka kukuambia yafike kwako kwanza, halafu wewe mwenyewe uamue ni nani mwingine ayasikie. Mama Bernadeta anarudi huko kwa treni, naye ameahidi kukupa mkononi.

Nitaanza na jambo lenyewe, kwa kuwa hapa ofisini nimeona hasara ya kulizungukazunguka. Vipimo vya mpaka wa kijiji chetu vimepotea. Alama zote mlizopita nazo wazee msituni, ramani zilizochorwa kutokana na alama hizo, na sauti ya Mzee Lugembe akieleza kila mahali aliposimama, na sauti yako ukimtafsiria kutoka Kinyamwezi, vyote havipo. Vilikuwa ndani ya seva ya ofisi yetu ya kupima mipaka ya vijiji, na seva imeungua kwa radi.

Unaikumbuka siku ile kuliko mimi, maana mimi nilibaki garini naandika majina. Ulinisimulia jioni yake jinsi Mzee Lugembe alivyokataa kubebwa, akatembea na fimbo yake kwenye njia ya zamani ya wapagazi, ile ambayo majani yamekwishaifunika na vijana hawaioni. Alisema babu yake aliipita na pembe begani akielekea Ujiji, na kwamba mawe yale mafungu mafungu ndipo walipokuwa wakitua mizigo, na kwamba hapo ndipo kijiji kinapokoma na msitu unapoanza. Kijana wetu wa vipimo alimtania kwamba anatembea kama anayekwenda kudai mahari. Mzee akamjibu kwamba mahari alikwishalipa, amekuja kuonyesha mpaka wa shamba la wakwe. Mlicheka wote. Sasa yeye tumekwisha kumzika, na hakuna mwingine aliyeijua njia ile yote hadi mwisho, wala ninyi mliomfuata mara moja hamwezi kuirudia bila alama zile.

Niruhusu nikueleze mambo ya kompyuta kidogo, nitajaribu yasikuchoshe. Seva ni kompyuta moja kubwa inayotunza kazi za ofisi nzima. Kwa kuwa nayo inaweza kufa, kuna programu ambayo kila siku, watu wakishaondoka, hunakili kila kitu na kukipeleka kwenye sanduku la hifadhi lililo chumba kingine. Sanduku hilo ni kama ghala la akiba. Seva ikifa, unafungua ghala na unaendelea kula. Kazi yangu mojawapo, tangu niajiriwe hapa, ilikuwa kuitazama programu hiyo kila asubuhi na kumtumia meneja wetu, Bwana Valentino, ujumbe mfupi wa kumweleza kama nakala ya jana imefika ghalani. Yeye huupeleka Dodoma kwa wasimamizi wa wafadhili wetu.

Mwezi wa kumi, asubuhi moja, nilikuta maandishi mekundu: mawasiliano na hifadhi yameshindikana. Nikamwandikia Bwana Valentino hivyo hivyo kama yalivyo. Aliniita mbele ya wenzangu wote. Aliniuliza kama kwetu Usinge mgeni akifika hupewa habari ya msiba kabla hajaamkiwa. Watu walicheka, na Apolinaria wa mapokezi akasema pengine huko kwetu tunaanza kwa kulia ndipo tunakaribisha kiti. Bwana Valentino akanifundisha kwamba taarifa ya mtu mwenye adabu huanza na salama, na lenye kasoro hufuata nyuma yake, kama watu wanavyosalimiana. Nilimwelewa, Baba, kwa kuwa ndivyo mlivyonilea. Mtu hata akiwa na maiti ndani, ukimuuliza habari za hapa atakujibu nzuri, kisha ndipo atasema isipokuwa.

Basi kuanzia siku hiyo nikawa naandika: Nakala salama. Isipokuwa mawasiliano na hifadhi yameshindikana tena. Niliandika hivyo kila asubuhi, kwa uangalifu, na niliona nimetimiza wajibu wangu na adabu yangu kwa pamoja. Baada ya muda Apolinaria, ambaye huona barua zote zinazotoka, aliniambia kwa kicheko kwamba huko Dodoma sisi ni salama kama malaika, maana meneja hukata kila kitu kinachofuata baada ya neno hilo la kwanza na kutuma hilo tu. Nilicheka naye. Sikubadilisha namna yangu ya kuandika. Niliogopa kuitwa tena mbele ya watu.

Aliyehangaika na tatizo lenyewe ni fundi wetu, anaitwa Yahaya. Ni kijana wa hapa hapa mjini, mama yake anauza vitumbua karibu na soko, na yeye ana kibanda cha kutengeneza simu ambacho hukifungua akitoka kazini. Ni mcheshi, hunyamaza tu anapofikiri. Alianza na yaliyo mepesi, kwa mpangilio ambao ungekupendeza. Alitazama kama sanduku limewashwa, likawa limewashwa. Akabadilisha kebo. Akahakikisha nywila ambayo seva huitumia kuingia ghalani haijabadilika. Akazima kila kitu na kuwasha upya. Siku nyingine nakala ilifika nusu, siku nyingine haikuanza kabisa, na hilo ndilo lililomkera zaidi. Alisema ugonjwa wa kila siku una tiba, lakini ugonjwa unaokuja na kuondoka una mwenyewe.

Kila kifaa kwenye mtandao kina namba yake, Baba, kama nyumba zilivyo na namba. Ukitaka kujua kama kifaa kipo, unakiita kwa namba hiyo kutoka kwenye kompyuta nyingine, nacho huitika. Yahaya aliniomba nikae mbele ya seva niite namba ya sanduku, naye aende chumba cha pili. Niliita, ikaitika. Akanipigia kelele kutoka kule kwamba sasa amekwisha kulichomoa, niite tena. Niliita. Likaitika. Nilimwambia hajachomoa vizuri. Alikuja mlangoni ameshika kebo mkononi, ncha yake inaning'inia, na sanduku nyuma yake likiwa limekatwa kabisa na mtandao. Namba ile bado ilikuwa inaitika. Alikaa chini kwenye sakafu akacheka hadi akajifuta macho, akasema dada Recheli, tumekuwa tukibisha hodi kwa watu wengine.

Palikuwa na kifaa kingine kilichopewa namba ile ile. Seva ilipoita hifadhi, mara nyingine iliitika hifadhi na mara nyingine kikaitika hicho kingine, ambacho hakikujua lolote kuhusu nakala. Yahaya alikwenda kwenye kisanduku zinakokutana kebo zote, akawa anachomoa moja baada ya nyingine, na mimi naita. Alipochomoa kebo fulani ya bluu, namba ikanyamaza. Tuliifuata kebo hiyo ukutani, tukapita nayo juu ya dari ya korido, tukafika nayo kwenye mlango wa ofisi ya Bwana Valentino.

Ni ile mashine ya kurekodi picha za kamera. Mwezi ule ule wa kumi shemeji yake alikuja kutufungia kamera, ili meneja akae kwenye kiti chake atuone sote, nani anasinzia na nani anatoka na mafuta ya gari. Huyo shemeji aliipa mashine namba aliyoitaka bila kuuliza mtu. Kuirekebisha ilikuwa kazi ndogo: ipewe namba nyingine. Lakini nywila ya mashine alikuwa nayo shemeji, na nywila ya kubadilisha namba ya sanduku alikuwa nayo Bwana Valentino, tangu wafadhili walipotuletea.

Yahaya alimwendea kwa heshima, mimi nikiwa nyuma yake. Bwana Valentino alimsikiliza, kisha akamuuliza amesomea chuo gani. Yahaya akamtajia. Akasema shemeji yake amesomea nje ya nchi, na kwamba mtengeneza simu hawezi kumsahihisha mhandisi. Yahaya akasema hasahihishi, anaomba nywila tu. Akaambiwa nywila itatafutwa. Akaomba basi mashine ichomolewe jioni na kurudishwa asubuhi, akajibiwa kwamba usiku ndio wakati wa wezi. Akaomba anunuliwe diski ya mkononi anakilie vitu muhimu, akaanza kwa kutaja sauti za wazee. Maombi hayo aliyaandika, yakapelekwa, yakakaa. Alipokumbushia, Bwana Valentino alimwambia kwamba mtu anayeomba kila siku huzoea kuomba. Hata nje ya ofisi alianza kumwita fundi chaji.

Yahaya aliniambia mimi neno moja tu katika mambo hayo. Alisema hitilafu niiandike mwanzoni kabisa mwa ujumbe, mstari wa kwanza, ili Dodoma waione hata ikikatwa. Nilimwambia nitafanya hivyo. Sikufanya.

Mwezi wa pili, mchana, mvua ilikuja na ile radi unayoijua ya Tabora. Ilipiga karibu na nguzo yetu. Taa zilizimika, tukasikia harufu ya waya, na seva haikuwaka tena. Tulipofungua ghala la akiba tukakuta nakala nzima ya mwisho ni ya kabla ya kamera. Zilizofuata zilikuwa vipande visivyofunguka. Vipimo vya Usinge vilichukuliwa baada ya hapo. Vijiji vingine vimepoteza karatasi zinazoweza kuandikwa tena. Sisi tumempoteza Mzee Lugembe mara ya pili.

Wasimamizi walikuja kutoka Dodoma, mwanamke mmoja na mwanamume mmoja, wapole, wachovu wa safari. Bwana Valentino aliwawekea mezani taarifa za miezi yote, kila moja ina neno salama peke yake. Waliuliza imekuwaje. Akasema fundi alikuwa akimhakikishia karani kwamba zile hitilafu ni ndogo na zitakwisha zenyewe, na karani, ambaye si mtaalamu, alimwamini. Yahaya alisimama akaeleza habari ya namba na mashine ya kamera. Walikwenda kuitazama. Mashine ilikwishaondolewa, na kuta zilikuwa zimepakwa rangi upya pale kebo ilipopita. Wasimamizi wakasema ni neno la mtu mmoja dhidi ya la mwingine, isipokuwa kwamba kuna maelezo ya maandishi ya mfanyakazi wa tatu, yaliyotiwa saini, yanayomuunga mkono meneja. Wakayaamini hayo. Yahaya ameachishwa kazi, na jina lake limepelekwa polisi kwa uzembe ulioleta hasara. Huripoti kituoni kila wiki. Kibanda chake watu wamekikimbia, kwa kuwa nani ampe simu yake mtu aliyeharibu kumbukumbu za serikali za vijiji.

Baba, maelezo yale niliyaandika mimi.

Bwana Valentino aliniita siku moja kabla wageni hawajafika. Hakunikaripia. Aliniita binti yangu, akaniagizia chai, akaniuliza habari zenu nyote kwa majina. Akasema Yahaya ni mwanamume, ana ufundi mkononi, hatakufa njaa. Lakini msichana akitoka ofisini na doa, nani atampokea. Akasema taarifa zote zina jina langu, na neno salama nililiandika mwenyewe kwa mkono wangu, na hakuna aliyenishika mkono. Hilo lilikuwa kweli, ndiyo maana lilinivunja. Kisha akaniambia niandike nini, nikaandika. Aliponirudishia kwa sababu mwandiko haukusomeka, nikanakili upya vizuri.

Yahaya aliyasoma mbele yangu, kwa kuwa sheria inataka ayaone. Nilingoja anitukane. Aliyasoma hadi mwisho, akayakunja, akasema mwandiko wako ni mzuri, dada, nilijua hivyo tangu zamani. Mama yake bado ananiuzia vitumbua. Ananichagulia vya moto, na sijui kama hajaambiwa au ameambiwa.

Kuna jambo moja zaidi, na ndilo lililonifanya nishike kalamu. Siku ya mwisho alipokuja kuchukua vitu vyake, Yahaya aliniambia kwamba diski za seva iliyoungua huenda hazijafa zote. Wako wataalamu Dar es Salaam wanaoweza kuzifungua na kuokoa yaliyomo. Si hakika, lakini inawezekana, mradi mtu asizichezee kwanza. Nilimwambia Bwana Valentino. Akasema seva imekwisha, na kwamba itapelekwa jalalani pamoja na vyuma vingine baada ya shughuli kufungwa. Nilikaa nikafikiri kwa nini hataki hata kujaribu. Ndani ya diski hizo, Baba, yamo maandishi ya programu ya nakala, yale mekundu, ya kila siku, pamoja na ujumbe wangu mzima kabla haujakatwa. Zikifunguka ili mpaka wetu upatikane, na hayo yatapatikana. Kwa hiyo kwake ni afadhali Usinge ikose mpaka.

Jumamosi ijayo tunakuja huko. Mwenyekiti wa kijiji amekwisha kupewa taarifa ya mkutano, nawe kwa kuwa uko kwenye kamati ya ardhi utaketi mbele. Bwana Valentino ataeleza kwamba vipimo vimeharibiwa na fundi mzembe, na kwamba kazi imefungwa, na kijiji kitaweka kidole kukubali. Kisha nitasimama mimi kusoma maelezo yangu. Ameniambia wazi kwa nini ni mimi: kwamba mimi ni mtoto wa hapo, watu wananijua, na hakuna atakayebisha maneno ya binti yako.

Nimejaribu kujiandaa kukataa. Nimesimama chumbani kwangu mlango ukiwa umefungwa, nikasema kwa sauti yale nitakayosema, na kwenye neno la tatu najikuta nimerudi kwenye maneno aliyonipa. Siwezi mbele yake, Baba. Ninajijua. Nitasimama, nitafungua karatasi na nitasoma vizuri, kwa sauti inayofika nyuma.

Lakini wewe sijawahi kukudanganya ukiniuliza ana kwa ana, wala sijui namna ya kuanza. Basi nakuomba hivi: nikishasoma, kabla mtu yeyote hajaweka kidole, simama uniulize mbele ya wote kama niliyosoma niliyaona kwa macho yangu au niliambiwa niyaandike. Uniulize kwa jina langu. Kisha uulize diski ziko wapi. Nitakujibu.

Najua ninachokuomba. Nikijibu, kazi imekwisha, na ada ya mdogo wangu mnaijua inatoka wapi, na Bwana Valentino ataondoka huko na neno la kusema juu ya nyumba yetu kila atakapofika. Pia najua kwamba ninakutwisha wewe mzigo uliokuwa wangu, kwa kuwa mimi umenishinda. Kwa hiyo usipouliza sitakulaumu. Ukiona ni heri ninyamaze, inamisha tu uso wako, nami nitakuona, nitakunja karatasi na kukaa.

Msalimie sana Mama, na mdogo wangu, na wote wa kwaya. Mwambie Mama asinichinjie kuku Jumamosi. Nitakuja na gari la ofisi, na sijui kama nitaondoka nalo.

Ni mimi mwanao,
Recheli